Hewa Inayotoa Ruhusa: Namna Injini za Meli Zinavyoamrishwa kwa Hewa Iliyoshindiliwa

Katika meli kubwa za mizigo zinazoendeshwa kwa injini ya dizeli, kazi tatu zilizo ngumu kuliko nyingine, yaani kuiwasha injini, kuisimamisha, na kuigeuza izunguke kinyume, zilikabidhiwa hewa iliyoshindiliwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo kazi ya kwanza kati ya hizo bado imo mikononi mwa hewa. Mhadhara huu unaeleza jinsi kazi hizo zinavyofanyika, na mfano unaofuatwa zaidi ni injini za mfululizo wa MC za kampuni ya MAN B&W, ambazo zilianza kuingia melini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambazo bado zinaonekana katika meli nyingi zilizojengwa kabla ya udhibiti wa kompyuta kuenea. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubora wa mfumo wa hewa hauko katika nguvu yake peke yake, bali katika jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama: hewa ile ile inayosukuma ndiyo inayobeba ruhusa ya kusukuma, kwa kuwa kila vali njiani imewekwa ili ikatae kuipitisha amri mpaka sharti fulani la usalama liwe limetimia.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke hali ya pekee ya injini yenyewe. Injini kubwa ya meli ya aina hii ni ya mapigo mawili, maana yake kila silinda hupata mlipuko mmoja katika kila mzunguko wa shafti, na huzunguka polepole sana, mizunguko 100 hivi kwa dakika ikiwa katika mwendo kamili. Shafti yake imeunganishwa moja kwa moja na rafadha, lile panga la nyuma linaloisukuma meli, bila giaboksi na bila klachi, na mapanga ya rafadha hayageuziki katika kitovu chake. Kwa hiyo hakuna gia ya kurudi nyuma. Nahodha anapotaka meli irudi nyuma, injini nzima lazima isimamishwe, mpangilio wake wa kupokea mafuta ugeuzwe, kisha iwashwe upya ikizunguka upande wa pili. Meli inayoingia katika mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam, huku rubani wa bandari akitoa amri za mbele polepole, simama, nyuma polepole, kisha simama tena, inaweza kuwashwa mara nyingi ndani ya muda mfupi, na kila kuwashwa kunakula hewa. Ndiyo maana kanuni za vyama vya uainishaji wa meli zinataka meli yenye injini ya kugeuzika iwe na akiba ya hewa inayotosha kuiwasha injini mara 12 mfululizo, mbele na nyuma kwa kupokezana, bila matangi kujazwa tena. Meli ambayo injini yake haigeuziki, kwa sababu ina klachi au rafadha ya mapanga yanayogeuzika, inatakiwa iweze kuwashwa mara 6.

Uhusiano wa dizeli na hewa iliyoshindiliwa ni wa tangu kuzaliwa kwake. Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilitegemea hewa ya shinikizo kubwa hata kwa kuyapuliza mafuta ndani ya silinda, kwa kuwa pampu za wakati huo hazikuweza kuyasukuma zenyewe kwa usahihi uliohitajika. Meli ya Selandia, iliyojengwa na Burmeister & Wain mjini Copenhagen na kuanza safari yake ya kwanza kuelekea Bangkok mwaka 1912, iliuonyesha ulimwengu kwamba meli kubwa ya baharini inaweza kuvuka bahari kuu kwa dizeli, na injini zake mbili ziliwashwa na kugeuzwa kwa hewa. Upulizaji wa mafuta kwa hewa uliachwa baadaye, pampu zilipoboreshwa, lakini uwashaji kwa hewa ulibaki, na sababu yake ni ya kimaumbile: hewa inaweza kuwekwa akiba kwa muda mrefu ndani ya tangi la chuma bila kupungua ikiwa vali hazivuji, inatoa nguvu kubwa kwa ghafla bila kuidai kitu jenereta ya umeme, na kifaa kinachoendeshwa nayo kikikwama hakiungui, kinasimama tu mpaka kikwamuliwe.

Hewa hiyo hutoka katika kompresa zisizopungua mbili, ambazo huishindilia kwa hatua, ikipozwa kati ya hatua moja na nyingine kwa sababu hewa inaposhindiliwa huwa ya moto sana, na kuipeleka katika matangi mawili au zaidi yenye shinikizo la bari 30. Bari moja inakaribiana na shinikizo la angahewa usawa wa bahari, kwa hiyo ndani ya tangi hilo hewa imebanwa mara 30 hivi kuliko ilivyo nje. Hapa ndipo panapoingia jambo ambalo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua vizuri zaidi kuliko wenzao wa bahari za baridi, nalo ni unyevu. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni hali ya kawaida Mombasa au Dar es Salaam katika miezi ya joto, ina gramu 24 hivi za mvuke wa maji katika kila mita ya ujazo. Tangi la mita moja ya ujazo likijazwa hadi bari 30, mita za ujazo 30 za hewa ya nje zimeingia ndani yake pamoja na gramu 700 na zaidi za maji, ilhali nafasi hiyo, joto lake likirudi nyuzi 30, haiwezi kushika mvuke unaozidi gramu 30. Maji yote yaliyobaki hugeuka kuwa matone, karibu robo tatu ya lita kwa kila mita ya ujazo ya tangi, na yasipotolewa kwa vali za kumwagia zilizoko chini ya vipozeo na matangi, husafiri na hewa hadi katika vali ndogo za udhibiti, yakabeba kutu na mafuta ya kompresa, yakaziba matundu yasiyozidi upana wa sindano. Idadi kubwa ya hitilafu zinazosingiziwa vali au kompyuta huanzia hapo, na fundi anayepuuza kumwaga maji kila zamu anaiharibu mashine ambayo hajaigusa.

Kutoka katika matangi hayo, hewa hugawanyika katika ngazi tatu. Ya kwanza ni hewa ya kuwashia, inayobaki na bari zake 30. Ya pili ni hewa ya udhibiti na ya usalama, ambayo hupunguzwa hadi bari 7 kwa vali maalumu, huchujwa, hukaushwa, na kutumika kusukuma pistoni ndogo zinazofungua na kufunga vitu. Ya tatu ni hewa ya ishara, ambayo kazi yake si kusukuma bali kupima na kusema. Katika mifumo mingi ishara hii huanzia bari 0.2 na kuishia bari 1.0, na uamuzi wa kuanzia 0.2 badala ya sifuri unastahili kusifiwa, kwa kuwa unamwezesha fundi kuitofautisha amri ya mwendo wa chini kabisa na bomba lililokatika: katika amri ya chini bado kuna shinikizo la 0.2, katika bomba lililokatika hakuna kitu.

Ishara hiyo huzalishwa kwa njia nyepesi isiyo na umeme. Hewa ya shinikizo lisilobadilika hupita katika tundu jembamba na kutokea kwenye nozeli iliyokabiliwa na kibapa chembamba cha chuma. Kibapa kikisogea karibu na nozeli, hewa hukosa pa kutokea na shinikizo nyuma yake hupanda, kama mtu anavyohisi maji yakipanda nguvu anapoziba mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole, na kikisogea mbali shinikizo hushuka. Wenzo wa amri ulioko chumba cha usukani hukisogeza kibapa hicho kwa kadiri ulivyosukumwa, na kiwambo cha chuma chembamba kinachopokea shinikizo lililotokea hukirudisha kibapa mpaka pande mbili zilingane, ndipo kila nafasi ya wenzo ikawa na shinikizo lake moja lisilo na utata. Shinikizo hilo husafiri kwa bomba la shaba hadi kwenye kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana, kwa mfano kile cha aina ya PGA kilichotengenezwa na kampuni ya Woodward ya Marekani. Humo ndani huisukuma springi inayoshindana na vitufe vizito vinavyozungushwa na injini. Springi ikizidi, mafuta huongezwa, vitufe vikizidi, mafuta hupunguzwa, na injini hutulia katika mwendo ambao pande hizo mbili zinalingana. Udhaifu wa njia hii ni umbali, kwa kuwa bomba refu lazima lijazwe hewa kabla ya mwisho wake kuhisi badiliko, na katika meli ambayo chumba cha usukani kiko mbali sana na injini kuchelewa huko kunahisika. Ndiyo sababu wajenzi wengi waliamua kupeleka amri kwa umeme hadi chumba cha injini, na kuigeuza kuwa shinikizo la hewa pale pale inapohitajika.

Mfululizo wa kuwasha ndio unaoonyesha vizuri zaidi maana ya ruhusa. Amri ya kuwasha ni hewa ya bari 7 inayopaswa kufika katika vali kuu ya kuwashia, lakini njia yake inapita kwanza katika vali ndogo iliyofungwa kwenye gia ya kuzungushia, ambayo ni mota ya umeme inayotumiwa na mafundi kuizungusha injini polepole wakati wa matengenezo. Ikiwa gia hiyo bado imeumana na injini, vali hiyo huikata njia, na hakuna mtu yeyote, hata nahodha akisukuma wenzo kwa nguvu zake zote, atakayeweza kuiwasha injini ambayo huenda fundi ameingia ndani yake. Kizuizi hicho hakingojei programu wala kumbukumbu ya mtu. Ni kipande cha chuma kilichosogea na tundu lililofungwa. Yakitimia masharti ya namna hiyo, hewa huifungua vali kuu, na ikiwa injini imelala kwa zaidi ya nusu saa, mfumo huanza kwa mzunguko wa polepole, yaani hufungua njia ndogo tu, ili injini ijizungushe taratibu kabla ya kupewa nguvu zote. Sababu yake ni kwamba maji au mafuta yanaweza kuwa yamevujia juu ya pistoni wakati wa mapumziko, na kwa kuwa kimiminika hakibanwi kama hewa, pistoni ikipandishwa kwa kasi dhidi yake kitu kitavunjika.

Mzunguko huo wa polepole ukipita salama, njia kubwa hufunguka. Hewa ya bari 30 huijaza njia kuu inayopita mbele ya silinda zote na kusubiri kwenye vali ya kuwashia iliyoko katika kifuniko cha kila silinda. Kinachoamua vali ipi ifunguke ni kigawa hewa, kifaa kinachozungushwa na injini yenyewe, ambacho ndani yake vijiti vidogo hukandamizwa juu ya kamu, yaani gurudumu lenye mwinuko upande mmoja, na kila kijiti kinapopata nafasi hupeleka hewa kiongozi, ile inayoifungua vali, kwa silinda yake. Vali ya silinda hiyo hufunguka pistoni ikiwa imeanza tu kushuka, na hewa huisukuma chini. Katika injini yenye silinda za kipenyo cha sentimita 60, shinikizo la bari 30, likifika lote juu ya pistoni, hutoa nguvu inayolingana na uzito wa tani zipatazo 86. Vipindi vya silinda hupishana kwa namna ambayo popote injini iliposimama, angalau silinda moja iko tayari kupokea hewa, kwa hiyo haihitaji kusukumwa na kitu kingine kwanza. Katika uendeshaji wa mbali, mafuta huwa yamezuiwa wakati huo: hewa ya bari 7 imeifungua vali ya kutoboa iliyoko juu ya kila pampu ya mafuta, na mafuta yanayopigwa na pampu hurudi yalikotoka badala ya kwenda kwenye nozeli ya mafuta. Injini ifikapo sehemu ya kumi hivi ya mwendo wake wa juu, hewa ya kuwashia hukatwa, vali za kutoboa hufungwa, mafuta huingia, na milipuko ya kwanza huichukua injini. Injini isipowaka mfumo hujaribu tena, lakini kanuni za kimataifa zinataka majaribio ya kujiendesha yawekewe kikomo, na katika mifumo mingi kikomo hicho ni mara tatu, ili ukaidi wa mashine usimalize akiba ya hewa meli ikiwa katikati ya mlango wa bandari.

Kugeuza injini ni hatua nyingine ya hewa ile ile. Katika injini za MC, gurudumu la kila pampu ya mafuta, linalogusa kamu, limeshikwa na kiungo kinachoweza kuvutwa upande mmoja au mwingine na silinda ndogo ya hewa, na badiliko hilo la pembe hutosha kuzifanya kamu zilezile zipige pampu kwa wakati unaofaa mzunguko wa kinyume. Kigawa hewa nacho husogezwa vivyo hivyo, lakini kamu ya vali ya moshi haiguswi, kwa kuwa umbo lake linaridhisha pande zote mbili. Baada ya kugeuza, sharti jingine huanza kazi: mafuta hayaruhusiwi mpaka injini iwe inazunguka kweli upande ulioamriwa. Umuhimu wa sharti hili unaonekana katika dharura ya kusimamisha meli kwa ghafla. Meli inapokuwa na mwendo, maji yanayopita huendelea kuizungusha rafadha mbele hata mafuta yakikatwa, na injini haigeuki mara moja. Mfumo husubiri mwendo ushuke, kisha huingiza hewa kwa mpangilio wa kurudi nyuma, na kwa kuwa injini bado inazunguka mbele, hewa hiyo huingia pistoni zikiwa zinapanda na kuzizuia kama breki, mara moja, mara mbili, mpaka shafti isimame na kuanza kurudi. Mafuta yangeingia kabla ya hapo, milipuko ingeshindana na uzito wa meli nzima.

Nguvu hiyo ina hatari yake, na ni kosa kuifundisha mifumo hii bila kuitaja. Vali ya kuwashia isipofunga vizuri, gesi za moto za silinda hurudi katika njia ya hewa wakati injini inafanya kazi, na ikiwa njia hiyo imepakwa ukungu wa mafuta uliotoka katika kompresa, vitu vyote vya mlipuko vimekutana ndani ya bomba la chuma. Mwaka 1960, katika meli ya abiria ya Capetown Castle iliyokuwa Las Palmas, mlipuko wa mfumo wa hewa ya kuwashia uliua watu saba. Injini huwekewa vizima miali, vali za kupunguza shinikizo au bamba jembamba linalopasuka kabla ya bomba, lakini ulinzi wa kwanza unabaki ule wa fundi anayepita na kuigusa kwa uangalifu kila bomba linaloingia kwenye vali ya kuwashia akitafuta lile lenye joto kuliko mengine, kwa kuwa joto hilo ndilo dalili ya vali inayovuja.

Katika vyombo vidogo zaidi, kama matagi yanayovuta meli na feri zenye injini za kasi na giaboksi, hewa hufanya kazi tofauti kidogo, kwa kuwa haigeuzi injini bali huishika na kuiachia klachi. Klachi za hewa za Airflex za kampuni ya Fawick, zilizotumika katika meli za Marekani za kushushia vifaru wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa na mpira mnene unaojazwa hewa na kuvibana vipande vya msuguano juu ya ngoma ya chuma. Wenzo mmoja ukisogezwa mbele hujaza klachi ya mbele kwanza kupitia tundu dogo, ili ishike polepole, kisha kupitia njia pana, na ishara ya kuongeza mwendo huzuiliwa mpaka shinikizo ndani ya klachi litoshe, kwa kuwa klachi iliyoshika nusu huku injini ikipiga kwa nguvu huungua katika muda mfupi sana. Utaratibu ni ule ule, ila masharti yamebadilika.

Meli yenye udhibiti wa mbali huwa na sehemu tatu zinazoweza kuiamrisha injini, yaani chumba cha usukani, chumba cha udhibiti, na kituo kilichoko ubavuni mwa injini, lakini kwa wakati mmoja ni moja tu inayosikilizwa. Amri ikiwa juu, chini wanaweza kuichukua. Juu hawawezi kuinyakua kutoka chini. Mpangilio huo ni wa haki, kwa kuwa anayesimama karibu na mashine ndiye anayejua ikiwa mtu yuko ndani yake. Hewa ya udhibiti ikipotea kabisa, kengele hulia, na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka injini iweze kuendeshwa pale pale hata kama udhibiti wa mbali umekufa. Mafundi hutenganisha kidhibiti mwendo, hushika wenzo wa mafuta kwa mkono, na kupokea amri kwa telegrafu au simu.

Kuanzia miaka ya 2000, injini za mfululizo wa ME zimeondoa kamu za pampu na kigawa hewa, na kompyuta ndiyo inayoamua lini mafuta yaingie na lini vali ya silinda ifunguke. Solenoidi, yaani vali ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme, imechukua nafasi ya kijiti kilichokuwa kikikandamiza kamu, lakini inachofungulia ni hewa ileile, nayo huenda kuifungua vali ileile juu ya silinda kwa bari 30 zilezile. Sharti la gia ya kuzungushia limebaki. Maji ya kumwagwa chini ya tangi yamebaki pia, na katika bandari za ukanda wa joto hayajapungua hata tone.